Muhuri wa Shemeji

Faili la kwanza lilipopotea, Mhariri alidhani ni macho yake. Lilipopotea la pili, akadhani ni miwani. La tatu lilipopotea alifunga ofisi yake, akavuka barabara, akapanda ngazi hadi kwa mafundi wa kompyuta, akasimama mlangoni akihema na kusema bila hata salamu:

"Hapa pana mkono wa mtu."

Chumba kizima kikanyamaza, likabaki pangaboi peke yake likilalamika darini. Mhariri alikuwa mama mzito wa mwili na wa maneno, mwenye kampuni ndogo ya vitabu vya shule, na hakuwa mtu wa kupanda ngazi ovyo. Mafundi walimpangia yeye na wahariri wake kompyuta zote, pamoja na stoo ya pamoja ambamo kazi zao zilihifadhiwa. Sasa stoo ilikuwa ikiliwa kidogokidogo, kama mkate uliosahauliwa kwenye kabati lenye panya.

Aliyeshtuka kuliko wote alikuwa binti aliyekaa karibu na dirisha. Siku yake ya kwanza kazini, akiwa ametoka chuo juzijuzi, aliulizwa yeye ni nani, akajibu kwa sauti ya mtu anayekula kiapo: "Mimi ni msanifu wa zana." Watu walicheka mpaka wakashika mbavu, na jina la Msanifu likamganda. Hakujali. Aliamini kwa moyo wake wote kwamba zana nzuri humpunguzia mtu uchovu, na mtu asiyechoka huwa mwema zaidi.

Zana yake ilikuwa rahisi kuieleza na ngumu kuitengeneza. Unachukua kompyuta moja iliyopangwa vizuri, unaipiga picha diski yake yote, kila kilichomo bila kubakiza hata chembe. Picha hiyo, ambayo mafundi huiita taswira ya diski, huwa faili moja kubwa. Zana ya Msanifu iliichukua taswira hiyo na kuzaa kompyuta nyingine kutoka humo: kompyuta pepe, isiyo na kasha wala waya, inayoishi ndani ya mashine moja kubwa na kuonekana kwenye kioo cha yeyote aliyeruhusiwa. Ukitaka moja, inazaa moja. Ukitaka thelathini, unakwenda kunywa maji, ukirudi ziko tayari. Zana aliipa jina la Mkunga. Taswira ikaitwa Mama, na kompyuta zilizozaliwa zikaitwa watoto.

"Pepe au pepo?" Mhariri aliwahi kuuliza siku alipoonyeshwa. Lakini alizichukua, na wahariri wake, waliokuwa wakitumia vikompyuta vilivyochoka, walifurahi kama watu waliohamia nyumba mpya.

Taswira ya Mama ilipigwa kutoka kwenye kompyuta ya Shemeji, kwa kuwa hapakuwa na mtu ofisini aliyepanga kompyuta yake vizuri kama yeye. "Ichukue, shem," alisema siku hiyo akimsogezea kiti, "ila usicheke vitu vyangu."

Huyu Shemeji alikuwa shemeji kweli. Alikuwa mume wa dada yake Msanifu, na ndiye aliyempigia debe apate kazi pale. Mwanzoni ilikuwa vurugu, maana yeye alimwita binti "shemeji" na binti alimwita yeye "shemeji", hata mtu akiita "Shemeji!" vichwa viwili vinageuka. Ofisi ikakata shauri: mwanamume abaki na Shemeji, binti abaki na Msanifu. Nyumbani waliendelea kuitana kama zamani.

Mhariri alipokwisha kufoka na kuondoka, Bosi, mama mwembamba aliyesema kwa sauti ya chini hata akikasirika, alimwita Msanifu ndani ya chumba chake cha vioo na kufunga mlango.

"Stoo inaweka nyayo za kila anayeingia, siyo?"

"Ndiyo. Mhariri akiingia kwa kazi ya kawaida, linaandikwa jina lake. Na pembeni ya jina unakaa muhuri wa kompyuta aliyotumia."

"Hawa waliofuta mafaili hawana jina. Kuna muhuri mtupu." Bosi aligonga kioo cha kompyuta kwa ukucha. "Niambie, wewe ndiye unayevijua hivi. Muhuri huu unaweza kudanganya?"

Hapo Msanifu alijisikia fahari, fahari ya mtu aliyeulizwa swali alilolisomea. "Hauwezi. Ni namba ndefu ambayo kompyuta hujitungia yenyewe inapopangwa mara ya kwanza. Hakuna mbili zinazofanana."

"Vizuri," alisema Bosi, na hakukuwa na uzuri wowote usoni mwake. "Basi soma huu ni wa nani."

Msanifu alisoma. Akasoma tena. Muhuri ulikuwa wa kompyuta ya Shemeji.

"Jumatatu nitamwita mbele ya Mhariri," alisema Bosi. "Kama ni yeye, hana kazi hapa, na sidhani atapata kwingine mjini. Mpaka hapo, mdomo wako ufunge. Hata kwa dada yako."

Tangu saa hiyo Msanifu hakuwa tena na macho yake ya zamani. Shaka ilimwingia kama maji kwenye kiatu: kila hatua aliisikia. Mambo aliyoyaona kila siku bila kuyaona sasa yalijipanga mstari na kumtazama. Mafaili yalipotea mchana, watu wakienda kula. Na nani alikuwa hashuki tena kula? Shemeji. Nani alikuwa amegeuza kioo cha kompyuta yake kikatazama ukuta? Shemeji. Msanifu alipopita nyuma yake kwenda kuchukua maji, vidole vya Shemeji vilisimama, akasubiri apite.

"Shem, huendi kula?" alimjaribu siku moja.

"Sina njaa."

"Tangu lini wewe ukakosa njaa?"

"Tangu watu walipoanza kunihesabia matonge," alijibu bila kugeuka.

Na sababu? Hiyo aliikumbuka mwenyewe, akatamani asingeikumbuka. Kabla ya Mkunga, kazi ya Shemeji ilikuwa kupanga kompyuta za wateja moja moja, kwa mikono yake. Siku Mkunga alipozaa watoto wa kwanza, Shemeji alipiga makofi pamoja na wengine, kisha akasema, "Hongera, shem. Umenizalia wa kunirithi ningali hai." Watu walicheka, na yeye pia. Sasa kicheko kile kilimrudia Msanifu na ladha nyingine. Mtu akitaka Mkunga achukiwe, afanye nini? Si awafanye wateja wasiwaamini watoto wake?

Alhamisi alijifanya amesahau mwavuli. Alishuka na wenzake hadi chini, akajipiga paji la uso, akarudi. Alipanda polepole, akikanyaga kwa ncha za vidole. Kwenye kona ya mwisho ya ngazi alisikia sauti ya Shemeji, ya kunong'ona, simu sikioni.

"Naona kila anachofanya... Hapana, hajui kama najua... Nimeshabadilisha nywila. Haingii tena... Sikiliza, Jumatatu nitasema yote, liwalo na liwe."

Msanifu aligandamana na ukuta. Anasema na nani? Ana mwenzake? Na huyo "hajui kama najua" ni nani, Bosi? Akashuka tena bila mwavuli, akakaa na wenzake mezani asijue anatia nini mdomoni. Waliporudi, faili jingine lilikuwa limepotea.

Jioni alimwandikia dada yake. Alianza kwa kuuliza habari za mtoto, kama kawaida. Akauliza tena kama shemeji yuko sawa, kama analala vizuri, kama hana mawazo. Dada yake alijibu kwa ufupi usiokuwa wake: "Njoo Jumapili tule. Usikose."

Hakutaka kwenda. Utakaaje mezani kwa mtu ambaye kesho yake neno lako litamtoa kazini? Alimwona dada yake akiuza makochi, akihama, akimtazama kwa miaka yote iliyobaki bila kumlaumu, jambo ambalo ni baya kuliko lawama. Lakini kutokwenda kungekuwa kusema. Akaenda.

Sebule ya dada yake ilikuwa ndogo na safi, na kila kitu kilichoweza kuvunjika kilikuwa kimepandishwa juu ya kabati, kwa ajili ya mtoto aliyekuwa ndiyo kwanza ameanza kutembea na kutamka. Shemeji alikaa upande mmoja wa meza, Msanifu upande wa pili. Chumvi ilipita kati yao bila neno.

"Mmekuwaje nyie?" dada aliuliza. "Mmekaa kama watu wanaosubiri daktari wa meno."

"Tumechoka," walisema wote wawili kwa pamoja, kisha kila mmoja akaona haya kwa kuwa wamekubaliana.

Mtoto alitoka chumbani akiburuta kiatu kikubwa kwa kamba yake. Akasimama katikati, akakiinua kwa tabu. "Shemeji!" aliita. "Shemeji, vaa!"

"Nini, mpenzi?" alisema baba yake.

"Nini, mpenzi?" alisema Msanifu.

Dada akaangua kicheko kwa mara ya kwanza siku ile. "Mnaona mlivyoniharibia mtoto! Kila siku namfundisha, huyu baba, huyu mama mdogo, lakini wapi! Anasikia mnavyoitana, basi kwake wote ni Shemeji. Juzi kimevunjika kikombe changu cha maua, namwuliza nani kavunja, ananiambia Shemeji. Nikamgombeza mume wangu kutwa nzima, maskini, mpaka akalala amenuna. Kumbe ulikuwa wewe ulipopita asubuhi, ukaficha vipande chini ya gazeti!"

Msanifu alitaka kucheka, kijiko kikamtoka mkononi. Mtoto hakudanganya. Aliulizwa nani, akataja jina, na jina lilikuwa la kweli. Ila lilikuwa la watu wawili.

*Hakuna mbili zinazofanana.* Aliyasema hayo kwa kinywa chake. Naam, hakuna kompyuta mbili zinazojipanga zenyewe zikafanana. Lakini watoto wa Mkunga hawakujipanga. Walizaliwa wakiwa wameshapangwa, kutoka kwenye picha ya diski yote, kila kilichomo bila kubakiza hata chembe. Na muhuri je? Muhuri ulikuwa ndani ya picha.

"Shem," alisema polepole, "kwenye kompyuta yako, una kitu chochote kinachofuta mafaili chenyewe?"

Shemeji aliweka uma chini. Uso wake ulifunga kama duka. "Kwa nini uniulize? Unajua vizuri kilichomo kwenye kompyuta yangu. Wewe ndiye uliyeipiga picha."

"Una maana gani?"

"Maana yangu unaijua. Kuna mtu anaingia stoo kwa muhuri wangu na kufuta kazi za watu. Nimeuona mwenyewe kwenye nyayo za stoo. Mimi sijafuta kitu. Basi ni nani mwingine mwenye kompyuta yangu nzima mkononi, shem? Nani?"

Kumbe wakati wote Msanifu akimchungulia Shemeji, naye alikuwa anachunguliwa. Kioo kilichogeuzwa, nywila iliyobadilishwa, chakula kilichoachwa ili mtu akae kulinda meza yake: vyote vilikuwa dhidi yake yeye.

"Na ile simu ya ngazini? 'Hajui kama najua'?"

"Ulikuwa unanisikiliza!"

"Na wewe ulikuwa unaninong'onea nani?"

"Mimi," alisema dada. Aliweka bakuli mezani kwa kishindo. "Alikuwa ananinong'onea mimi. Mchana ananipigia huyu, mdogo wako ananifanyia hivi. Jioni unaniandikia wewe, shemeji analala vizuri, shemeji ana mawazo. Wiki nzima nimekaa katikati yenu kama kizibo. Nilimwomba mume wangu asiseme kitu mpaka awe na hakika, maana ni damu yangu. Leo sitaki tena. Semeni hapahapa, na asiyesema haoshi vyombo tu, anapiga deki na choo."

Walisema. Haikuwa rahisi, wala hawakuaminiana mara moja. Shemeji alikiri kuwa kompyuta yake ina kitu anachokiita mfagio: programu ndogo aliyojiandikia. Kompyuta ikiona imekaa bila kuguswa, mfagio huamka, hupita kwenye mafaili na kufuta yale ya zamani yenye jina la "rasimu".

"Rasimu tu?"

"Rasimu tu. Mimi rasimu zangu ni takataka. Najaribu jambo, naandika rasimu, nikimaliza sihitaji tena."

"Faili gani alilolipoteza Mhariri mara ya kwanza?"

Shemeji alifikiri kidogo. "Rasimu ya kitabu cha jiografia."

Jumatatu walifika kabla ya Bosi. Walikaa kwenye kompyuta moja, bega kwa bega, na kila mmoja alikuwa bado anaitazama mikono ya mwenzake.

"Usiguse kitu kabla sijaona," alisema Shemeji.

"Wewe ndiye usiguse."

Msanifu alifungua nyayo za stoo. Safari hii hakutafuta nyayo zisizo na jina. Alitazama za kawaida, zile zenye majina ya wahariri, ambazo hakuna aliyekuwa na haja ya kuzichunguza. Pembeni ya kila jina ulikaa muhuri, na kila muhuri ulikuwa ni uleule. Mhariri: muhuri wa Shemeji. Msaidizi wake: muhuri wa Shemeji. Mchoraji wa ramani: muhuri wa Shemeji. Kampuni nzima ya vitabu ilikuwa ikifanya kazi kwa jina la mtu mmoja, na wakienda kula, kila mtoto aliamka peke yake, bila jina la mtu, na mfagio wa baba yake akafagia stoo akidhani ni nyumbani.

Shemeji aliegemea kiti. "Ningefukuzwa," alisema taratibu. "Kwa kumwazima mtu kompyuta."

Msanifu alichukua karatasi, akaanza kunakili mihuri mmoja mmoja.

Bosi alipoingia na Mhariri, Msanifu alisimama kabla hajaambiwa. Alionyesha muhuri, alionyesha mfagio, kisha akageuka kwa Bosi.

"Uliniuliza kama muhuri unaweza kudanganya, nikajibu hauwezi. Haukudanganya. Mimi ndiye niliyeugawa kwa kila mtu halafu nikasema ni wa mmoja. Mkunga wangu ndiye mwenye kosa, na Shemeji hana mkono hapa."

Bosi aligonga meza kwa ukucha. "Kwa hiyo leo nilikuwa nimfukuze mtu kwa neno lako."

"Ndiyo."

"Neno ulilolijibu upesi sana."

"Ndiyo, Bosi."

Mhariri ndiye aliyeingilia. Alikuwa amemkazia macho Shemeji juu ya miwani. "Wewe kijana, rasimu ni takataka?"

"Kwangu, mama. Zangu."

"Kwetu rasimu ndiyo kazi yenyewe! Kitabu ni rasimu iliyokatazwa kuguswa tu." Kisha akamgeukia Msanifu. "Na wewe. Umeita zana yako Mkunga. Mkunga gani anamkabidhi mama mtoto kabla ya kumwosha?"

Hakuna aliyecheka, lakini Msanifu aliliandika neno lile moyoni palepale, na juma lile lote alilitumia kulifanyia kazi. Akamwongezea Mkunga hatua mpya na kuiita kuosha. Sasa kabla mtoto hajafungua macho, Mkunga humfuta muhuri wa Mama, humwondolea mifagio na vikorokoro vyote vya mwenye kompyuta ya kwanza, na kumwacha ajitungie muhuri wake mwenyewe. Shemeji alikaa naye kuyatafuta yote ya kuoshwa, maana ndiye aliyevijua vitu vyake, na kila walipofikia kimoja alisema, "Nilikwambia usicheke." Rasimu nyingi zilipatikana kwenye akiba ya zamani ya stoo. Sura moja ya jiografia, ile ya milima, haikupatikana, na Mhariri aliiandika upya akinung'unika kwa sauti ili mafundi wasikie hadi upande wa pili wa barabara.

Siku watoto waliooshwa walipokabidhiwa, watu wote walishuka kwenda kula, na Shemeji pia alishuka. Alikuwa amerudisha kioo chake kikatazama chumba. Alikula vizuri, akatania, akamwita Msanifu shem kama zamani.

Katikati ya chakula Msanifu aliinuka, akasema anakwenda kunawa mikono, akapanda ngazi. Alitaka kuona tu. Stoo ilikuwa shwari: rasimu zote zipo, na kila jina lina muhuri wake. Alipumua, akafunga, akaanza kushuka.

Kwenye kona ya mwisho alikutana ana kwa ana na Shemeji, akipanda kwa ncha za vidole.

Walitazamana.

"Umesahau nini, shem?" aliuliza Msanifu.

"Mwavuli," alisema Shemeji. "Na wewe?"

"Mwavuli."

Wakageuka, wakashuka pamoja mikono mitupu. Nje jua lilikuwa linawaka.